Tembo Aliyelala Pembeni

Mwanangu Thuwaiba,

Umekwenda Mtoni kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatokuachia mpaka akulishe mara mbili, kwa hiyo nina wasaa. Duka nimelifunga mapema. Fundi mmoja alinikuta nafunga kufuli akataka misumari ya bati, nikamwambia leo hakuna misumari, mwanangu anasafiri. Sasa nimekaa ukumbini, dirisha wazi, na begi lako liko mlangoni limejaa mpaka zipu inataka kusalimu amri. Kesho asubuhi ni boti, halafu basi, halafu Mbeya chuoni.

Habari ya sweta, ya dawa ya kifua, ya kutompa mtu begi akushikie bandarini, hayo nimeshakwambia mpaka umeniigiza sauti mbele ya rafiki zako. Nilikuwa jikoni, nimekusikia, na unaniigiza vizuri. Siyarudii. Nataka tuzungumze mchezo wako wa sataranji wa Jumamosi, ule uliocheza na Mwalimu Haroub kule klabuni Chukwani. Najua hutaki kuusikia. Kila nikiutaja unakumbuka una nguo za kuanua. Ndiyo maana nimeona niuandike, kwa kuwa barua hukatizi maneno yake kwa nguo za kuanua.

Siku ile tuliporudi hukula. Ulikaa hapa hapa ukaniambia, "Mama, nnaona bora nsende."

Nikakuuliza, "Usende wapi?"

"Mbeya. Kama n'meshindwa kustahamili mchezo mmoja mbele ya mtu ambaye nnamjua, huko kwa watu nsiowajua n'takaa vipi?"

Na mimi, badala ya kukujibu jambo la maana, nikakwambia ni mchezo tu, usijali. Neno la kijinga kabisa. Mtu aliyejali huwezi kumwambia usijali. Asubuhi yake ukanambia umebadili nia, utakwenda, lakini ukaongeza, "N'kishindwa n'tarudi." Ulisema huku unafunga mtandio, kama mtu anayesema mvua ikinyesha nitachukua mwavuli. Mwanangu, neno hilo ndilo lililonikosesha raha. Kwenda utakwenda, hilo sina wasiwasi nalo. Ninachokiogopa ni kwamba utakaa huko na tiketi ya kurudi kichwani, na siku ya kwanza mambo yakikaza utaitumia.

Basi tuutazame mchezo wako. Tuanze na hukumu uliyoitoa wewe mwenyewe. Uliniambia garini, "Ufunguzi wa bibi ndio ulioniponza." Sikutaka tubishane mbele ya dereva, lakini iliniuma, na leo nataka nimtetee bibi yako, maana yeye hayupo wa kujitetea.

Unajua kwamba nilijifunza sataranji ndani ya eda. Hujui ilikuwaje. Baba yako alipofariki wewe ulikuwa bado unanyonya. Mimi nimekaa chumba cha juu, nguo nyeupe mwilini, wageni wanapanda na kushuka, kila mmoja ananihurumia kwa zamu, na kila akishuka mmoja mimi nazidi kudhoofika. Mchana mmoja bibi yako akaja na ubao huu kwapani. Yeye amefiwa na mwana, mimi nimefiwa na mume. Akauweka juu ya mkeka, akanambia, "Haya, mkwe wangu. Kulia utalia, haikatazwi. Lakini huwezi kulia mchana kutwa, macho yatakuharibikia. Njoo nkufundishe kitu."

Nikamwambia, "Mama, watu watasema nini, mjane anacheza?"

"Watasema. Kwani usipocheza hawatosema?"

Ndivyo nilivyoanza. Yeye alifundishwa na babake, na babake alifundishwa na majirani zao Wahindi waliokuwa wakikaa ghorofa ya chini, na kanuni zao zilikuwa za zamani, si hizi za mashindano. Kwetu askari haruki nyumba mbili, yaani miraba miwili ya ubao, hata mwanzo wa mchezo. Anakwenda moja moja, kwa adabu. Malkia hatuna, tuna waziri. Yule wanayemwita askofu kwetu ni tembo. Na mfalme wetu ana ruhusa moja ambayo wafalme wa mashindano hawana: mara moja tu katika mchezo, kama bado hajaambiwa "shaha", yaani hajatishwa moja kwa moja, anaweza kuruka kama farasi akaitoka hatari.

Kwa kuwa askari wanakwenda moja moja, mchezo wetu unaanza kwa kupanga nyumba. Unamsogeza askari huyu hatua, na yule hatua, unamweka tembo wako pembeni kwenye mstari mrefu wa mshazari, farasi nyuma ya ukuta, na mpinzani wako naye anapanga yake, na hakuna anayemgusa mwenzake. Bibi yako alikuwa akipanga huku anachambua mchele. Akimaliza anasema, "Haya, mie nshapanga. Na weye?" Nikisema bado, ananingoja. Ndipo vita vinaanza.

Huo ndio ufunguzi uliocheza Jumamosi. Mwalimu Haroub alifungua kwa kuleta askari wawili katikati, nyumba mbili mbili, kifua mbele. Wewe ukapanga: askari mmoja mmoja hatua moja, tembo wa kushoto ukamtoa pembeni kwenye mstari wake, farasi nyuma ya ukuta. Vijana wa klabu walikuwa nyuma yangu, nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake kwamba huo ni ufunguzi wa kalunguyeye, yule mnyama mdogo anayejikunja miba nje, na kwamba mabingwa wanaucheza. Nikageuka nikamwambia huo ni ufunguzi wa kwetu Mkunazini. Akacheka, mtoto mwenye adabu, akasema, "Sawa, Bi Mkubwa."

Kwa hiyo bibi yako hana hatia, ufunguzi wake una jina hata huko duniani. Ulipofika hatua ya kumi hivi ulikuwa mzima kabisa. Kila kitu chako kimeshika kitu, hakuna tundu. Mwalimu Haroub alikuwa anahema kwa pua, unamjua anavyohema, mpaka meza ya pili walikuwa wanamtazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba nikijisemea moyoni, huyo mwanangu.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wawili, mimi na bibi yako, tumelifanya, nalo ndilo tunalobebea lawama. Hatukukufundisha kwamba watu wa nje hawakungojei umalize kupanga. Nyumba ikishapangwa kuna wakati wa kufungua mlango, na wakati huo mtu hatangaziwi. Ulikuwa na hatua moja nzuri, ya kumsukuma askari wako wa katikati akawagonge wale wawili waliosimama kifua mbele. Nilikuona umeitazama. Mkono wako ulikwenda, ukarudi. Ukamsogeza askari wa pembeni kulia, yule aliye mbele ya mfalme wako, hatua moja tu, ili nyumba iwe nadhifu zaidi. Ilikuwa tayari nadhifu, mwanangu. Ile ilikuwa hatua ya mtu anayefagia ua mara ya pili kwa kuwa anaogopa kumfungulia mgeni.

Nakusema wewe, na mimi ndiye niliyekuwa vile. Nilipotoka eda nilikuta duka la baba yako pale Darajani limejaa vitu ambavyo sivijui majina. Bawaba, nati, misumari ya aina sijui ngapi, rangi za mafuta na rangi za maji. Nikajiambia, kwanza nipange. Nilipanga rafu, nikafuta vumbi, nikaandika vibao, nikapanga tena kwa ukubwa, halafu nikapanga kwa rangi. Wateja wanachungulia, wananiona niko juu ya ngazi, wanakwenda duka la pili. Shemeji yangu akaja akanambia, "Shemegi, duka hili zuri kama makumbusho." Ndipo nilipoteremka. Nilianza kuuza bila ya kujua, na fundi mmoja nikampa rangi ya mafuta akapake dari ya jikoni aliyotaka kuipaka rangi ya maji, akarudi na ndoo na maneno. Lakini alirudi na wiki iliyofuata, na mpaka leo ni mteja wangu. Ungekuwa ukinunua bawaba usingependa kuuziwa na mtu anayezijua? Basi mimi nilizijua kwa kukosea mbele ya watu.

Huko Mbeya utataka kupanga kwanza. Utataka ujue kila mtu, kila jengo, kila somo, ndipo ufungue mdomo darasani. Umeme unaokwenda kuusoma wengine watakuwa wameshaugusa, wana baba zao mafundi. Uliza ukiwa hujui bado. Utachekwa kidogo.

Na kwa kuchekwa mimi nina shahada. Ulikuwa darasa la tatu, skuli yenu ikafanya siku ya wazazi, na mwalimu wenu wa michezo akaweka meza ya sataranji ukumbini, akaita mzazi yeyote anayejua aje acheze naye. Nani kama mimi? Nilikuwa sijacheza na mtu yeyote ila bibi yako, lakini nilikuwa nimeanza kumfunga bibi yako, nikadhani dunia imekwisha. Nikakaa. Wazazi wakakusanyika, mwanamke na buibui lake anacheza na mwalimu. Nilipanga nyumba yangu kwa raha zangu. Yule mwalimu akanizonga kwa waziri wake, hatari ikaja, na mimi bila ya kufikiri nikamshika mfalme wangu nikamrusha kama farasi, tap, tap, nikamuweka salama. Nikaegemea kiti.

Mwalimu akasema, "Bibie, mfalme haendi hivyo."

Nikamjibu, "Kwenu."

Khaa, walicheka! Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Mimi nikanyanyuka, nikakushika mkono tukaenda zetu, na wewe njiani ukaniuliza kwa nini tumeondoka na mchezo haujesha. Nikazidi kukuvuta mkono. Nyumbani bibi yako akaniuliza, "Wamekufunga?" Nikasema hawakunifunga, wamenicheka. Akanitazama, akasema, "Sasa mbona umerudi?" Basi. Akaendelea na mchele wake. Ikabidi wiki ile ile nirudi skuli nikamwombe yule mwalimu anifundishe kanuni za nje, na alinifundisha vizuri sana, na mimi nikakufundisha wewe zote mbili, za ndani na za nje. Sikujua kwamba nimekutilia kichwani mitego miwili badala ya mmoja.

Kwa sababu sasa tunafika mwisho wa mchezo wako.

Mwalimu Haroub aliona yule askari wako uliyemsogeza kwa unadhifu. Akamtoa tembo wake mhanga, akamla askari yule kwa makusudi, wewe ukamla tembo kwa askari mwingine, na waziri wake akaja kwa kishindo, akamla na huyo wa pili. Ukuta mbele ya mfalme wako ukawa haupo. Ukamtoa farasi wako ukamleta kati, hatua nzuri ile, hujui ilivyokuwa nzuri. Yeye naye akamrusha farasi wake mbele, karibu na waziri. Hakuwa amesema "shaha" hata mara moja. Lakini hatua inayofuata waziri wake angesogea nyumba moja tu, mbele ya uso wa mfalme wako, farasi akimlinda, na mchezo umekwisha.

Hapo uliinama juu ya ubao. Nilikuona macho yako yamekwenda kwa mfalme, halafu yameruka kule, nyumba ya pili kushoto na moja mbele. Yakarudi. Yakaruka tena. Nilijua hapo hapo unatazama nini, hakuna mtu mwingine ndani ya ukumbi ule aliyejua ila mimi. Ulikuwa unatazama mruko wa nyumbani. Nyumba ile ilikuwa tupu, shaha hujaambiwa, na kwa kanuni za bibi mfalme wako angeruka, akatoka zake salama. Ulikuwa na wokovu mkamilifu usioruhusiwa. Na kwa kuwa huo hauruhusiwi, ukaona hakuna mwingine. Ukanyoosha mkono kwa Mwalimu Haroub, na ukatabasamu, na ukasema kwa sauti ili watu wasikie, "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Watu wakakupigia makofi kwa adabu yako. Na mimi nilipiga, na nikakupiga picha kwa simu ya kumtumia shangazi yako, wewe na Mwalimu mmeshikana mikono na ubao upo katikati yenu. Nikakutania njiani kwamba mcheza kwao hutunzwa, wewe umecheza kwenu ukafungwa. Ulinuna. Hukukosea kununa.

Jumatatu dukani hakukuwa na watu, nikaifungua ile picha nitazame sura yako. Nikautazama ubao. Nikaukuza. Halafu nikatoa nati na boliti na bawaba ndogo nikavipanga juu ya kaunta kama vilivyo kwenye picha, na nikakaa upande wako, si upande wa Mwalimu. Mteja wa kwanza nilimwambia asubiri. Wa pili aliondoka mwenyewe.

Mwanangu, hukuwa umeshindwa.

Nimeitazama Jumatatu, nimeitazama Jumanne, na jana nimemfuata yule kijana wa klabu, yule wa kalunguyeye, nikamwonyesha bila ya kumwambia kitu. Akakuna kichwa, kisha akaweka kidole pale pale nilipoweka mimi. Tembo wako wa pembeni, Thuwaiba. Yule uliyemtoa mwanzo kabisa ukamweka kwenye mstari wake mrefu ukamsahau. Mchezo mzima njia yake ilikuwa imezibwa na askari na farasi wa Mwalimu. Lakini askari yule alishasogea mbele, na farasi ndiye huyo aliyeruka kuja kukutisha, na walipoondoka mstari ulifunguka. Hatua moja tu, tembo anateleza mpaka katikati ya ubao, na akikaa pale anailinda kwa mshazari ile nyumba ambayo waziri alikuwa anaitaka. Waziri akija analiwa. Farasi wa Mwalimu akimla tembo wako, farasi wako uliyemleta kati anamla yeye, na hapo Mwalimu amebaki na waziri peke yake anazunguka nje ya nyumba, na tembo mmoja keshampoteza bure.

Sikwambii kwamba ungeshinda. Mwalimu Haroub ni mjanja, na wewe ulishatishika. Nakwambia kwamba mchezo ulikuwa haujesha, na wewe ulikuwa mbele. Ile methali uliyoisema ni ya kweli na ni ya wazee, lakini isome vizuri: anayetakiwa kukubali kushindwa ni aliyeshindwa. Methali haikumtaja aliyedhania. Wewe ulifanya adabu kabla ya wakati wake, na watu wakakupigia makofi, na makofi yale yakakufanya uamini.

Hili ndilo nililotaka kukwambia, na sasa nalisema wazi, kwa kuwa nikilizunguka utadhani ni sataranji tu. Kule unakokwenda kutakuja siku ambayo jambo litakuzonga. Mtihani, au mwenzako wa chumbani, au baridi tu na upweke wa Ijumaa mbali na nyumbani. Na siku hiyo kitu cha kwanza kitakachokujia kichwani ni wokovu wa nyumbani: mama angekuwepo, shangazi angenipikia, ningeshuka chini kwa Bi Asha jirani nikalia. Ule ndio mruko wa mfalme. Ni mzuri, ni wako, na huko hauruhusiwi. Usikae ukautazama mpaka ukawa huoni kingine. Tazama vitu vyako vyote ulivyonavyo pale ulipo, kimoja kimoja, hata kile kilicholala pembeni tangu siku ya kwanza hukitumii. Mtu uliyesalimiana naye mara moja. Mwalimu aliyesema njooni ofisini, hakuna aliyekwenda. Ukimaliza kuvitazama vyote na hakuna kilichobaki, hapo nyoosha mkono, na rudi nyumbani kichwa juu, mlango huu haufungwi kwako. Njoo likizo, njoo harusi, njoo ukiumwa, njoo hata ukinikumbuka tu. Lakini usije kwa sababu umedhania.

Mimi nina yakini na wewe. Si yakini ya mama anayemsifu mwanawe mbele ya majirani, hiyo nayo ninayo. Ni yakini ya mtu aliyeutazama mchezo wako hatua kwa hatua. Umepanga vizuri, hukupoteza kitu kwa uzembe, na farasi yule wa mwisho ulimleta mwenyewe, bila ya kuambiwa na mtu, mahali pale pale alipohitajika. Mkono wako unajua zaidi kuliko moyo wako unavyokwambia. Nitakukumbuka sana, Thuwaiba. Nyumba itakuwa kubwa. Nitakuwa napika chai ya watu wawili mpaka nizoee, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Ubao uko juu ya meza ya ukumbini. Nimeupanga kama ulivyokuwa Chukwani ulipotoa mkono, na unajua tembo wetu mmoja alipotea zamani na mahali pake bibi yako alitia nati ya shaba kutoka dukani. Huyo ndiye niliyemweka pembeni, kwenye mstari wako. Nitakaa upande wa Mwalimu Haroub, na nikiweza nitahema kwa pua. Kesho kabla hujabeba begi, cheza hatua yako.

Ukishaicheza, iondoe ile nati uitie mkobani, uende nayo Mbeya. Bibi yako asingekasirika. Mimi nitabaki huku na tembo watatu badala ya wanne, na mtu hawezi kucheza sataranji na tembo watatu, kwa hiyo nitakungoja.

Ni mimi, mamaako.